Kompresa ya upepo kwenye pikapu: boneti, chini ya siti au chesisi? Yangu inazima ikifika tairi la pili

#1 Mchimba Visima
Habari zenu wakuu. Nataka majibu ya watu waliofunga na kutumia, maana mafundi watatu wamenipa majibu matatu.

Gari ni Hilux Vigo, dabo kabini, injini ya dizeli ya 2KD. Kazi yangu ni kupeleka mabomba na vifaa vya visima, natoka Mto wa Mbu naelekea Engaresero, wakati mwingine Gelai mpaka Longido. Anayezijua njia hizo ananielewa: mawe meusi ya volkano, vumbi la majivu, na miiba ya migunga isiyojali kama tairi ni jipya. Kwenye mchanga nashusha upepo hadi 18 psi, nikirudi kwenye lami napandisha 36. Ndiyo sababu ya kufunga kompresa.

Yenyewe ni ya 12V, karatasi yake inasema inakula hadi ampea 30, presha ya juu 150 psi. Fundi ameifunga chini ya boneti upande wa betri, juu ya bati alilolikunja mwenyewe. Tairi la kwanza inajaza vizuri. La pili inaanza kulegea, mlio unakuwa mzito, halafu inazima yenyewe. Ikikaa kama robo saa inakubali tena. Mara moja ilikata na fyuzi.

Fundi wa kwanza kasema joto, nihamishie ndani chini ya siti. Wa pili kasema waya. Wa tatu kasema niing'oe nifunge ya mkanda inayozungushwa na injini.

Msimamo wangu mimi: chini ya boneti ya dizeli si mahali pa mota ya umeme ambayo yenyewe tayari inazalisha joto. Mwenye kupinga aje na sababu.

#2 Dogo Gerezani
Nimewahi siti ya mbele. Huku dukani naulizwa hili kila wiki na mimi nijifunze.

#3 Kamanda wa Dizeli
Fundi wa kwanza yuko sahihi. Angalia muda unaoitumia hiyo kompresa. Umetoka kupanda escarpment, ule mlima mkali, injini imefanya kazi nzito, unasimama kujaza upepo. Gari likiwa linatembea kuna hewa inapita kwenye boneti. Likisimama, hewa ile imekata na joto lote la ekzosi na turbo linapanda juu. Saa hiyo hiyo ndipo unaiwasha kompresa.

Karatasi ya kwangu imeandikwa joto la mazingira lisizidi nyuzi 70. Weka kipimajoto karibu na ukuta wa kabini, gari limesimama mchana wa Oktoba, utaona kama hujafika jirani kabisa na hapo. Ongeza sasa joto la kompresa yenyewe: ampea 30 mara volti 12 ni wati 360, na karibu zote zinaishia kuwa joto. Pasi ya nyumbani ni wati 1000. Umefungia theluthi ya pasi kwenye chumba cha moto halafu unashangaa inazima.

Ndani ya mota hizi kuna kikatio cha joto. Ikizidi kinakata, ikipoa kinaunga. Robo saa yako ndiyo hiyo.

#4 Fundi Volti
Kamanda amekimbilia hukumu kabla ya kupima. Mleta uzi, chukua mita. Injini inanguruma, kompresa inajaza tairi, pima volti kwenye temino za betri, halafu pima kwenye waya mbili zinazoingia kwenye kompresa yenyewe. Usipime ikiwa imezimwa, haitakuambia kitu.

Na ueleze waya umepita wapi. Kuna rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba ampea kubwa ikiamshwa na swichi ndogo? Waya unene gani? Hasi imefungwa wapi?

#5 Mzee Kipande
Wanangu hamjambo. Enzi zetu kwenye malori hatukuwa na mjadala huu. Lori lina kompresa yake ya breki, mtungi uko chini, una mpira mrefu wenye kichwa cha kujazia. Pancha porini, unaziba, unajaza, unaondoka. Mpaka leo ukikwama barabarani msimamishe dereva wa Scania kwa adabu, atakujazia.

#6 Mchimba Visima
Shikamoo Mzee Kipande. Tatizo ni kwamba njia ya Gelai unaweza kulala usione Scania hata moja.

Fundi Volti: rilei hakuna. Waya umetoka betri ukaingia kabini mpaka kwenye swichi ya dashibodi (alitumia swichi ya taa za ukungu), ukarudi tena chini ya boneti kwenye kompresa. Kwenye ganda la waya imeandikwa 2.5. Hasi imefungwa kwenye bolti ya bati lile lile lililobeba kompresa, na bati limepigwa rangi. Swichi nikiigusa baada ya tairi la kwanza ni ya moto.

#7 Fundi Volti
Basi umeshajijibu mkuu. Swichi ya taa za ukungu haikutengenezwa kubeba ampea 30. Ile ni ya kuamsha rilei tu.

Tupige hesabu. Kutoka betri hadi dashibodi na kurudi, weka mita 6. Shaba ya milimita 2.5 za mraba kwa mita 6 ina ukinzani wa kama omu 0.042. Zidisha kwa ampea 30, unapoteza volti 1.3 kwenye waya peke yake. Bado swichi, bado hasi iliyofungwa juu ya rangi. Ukitumia waya wa milimita 6 za mraba usiozidi mita 2 kwenda na kurudi, kwa rilei iliyokaa pembeni ya betri, unapoteza chini ya 0.2.

Volti zikipungua, ampea zinapanda, mota inaungua. Joto analolisema Kamanda ni mtoto wa huo waya.

#8 Sumaku
#7 hesabu ya waya naikubali, ila sentensi ya mwisho irekebishwe kwa faida ya wanaosoma. Mota hizi ni za DC zenye sumaku za kudumu. Ampea zake zinafuata uzito wa kazi, yaani presha inayosukumwa. Volti zikipungua ampea hazipandi, kinachopungua ni mwendo. Inazunguka polepole, feni yake nayo inapooza kidogo, na tairi moja linachukua muda mrefu zaidi. Joto lile lile kwa muda mrefu, na upoozaji hafifu. Mwisho wake unafanana na ulivyosema, ila njia ni nyingine.

Ampea zinapanda kweli pale mota inaposhindwa kabisa kuzunguka. Hapo ndipo fyuzi inakatika.

#9 Dada Spana
Habari za jioni. Yangu iko ndani, nyuma ya siti ya abiria wa nyuma, kwenye dabo kabini kama yako. Sababu zilizonifanya nichague hapo:

Hewa inayovutwa ni safi kuliko ya nje. Hakuna tope wala maji ya mtoni. Mwizi haioni. Na joto la kabini, hata gari likiwa limeanikwa juani, halifikii la boneti.

Ubaya nao usifichwe. Kelele ni kubwa, mtoto akiwa amelala ataamka. Waya unakuwa mrefu kwa hiyo lazima uwe mnene. Na pale waya unapotoboa bati kuingia kabini weka mpira wa tundu, usiache bati tupu. Nimeliona gari ambalo bati lilikata ganda la waya polepole, waya wa chanya ukagusa bodi, na fyuzi ilikuwa imewekwa mwisho wa waya, kwenye kompresa. Fyuzi ya namna hiyo inailinda kompresa lakini gari haililindi. Zulia lilikuwa limeshaanza kutoa moshi. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya shubiri moja ikiwezekana.

#10 Nahodha wa Vumbi
Dada Spana umenena kuhusu fyuzi. Ila chini ya siti sikubali. Mimi nimefunga kwenye chesisi, ndani ya reli, kati ya kabini na bodi ya nyuma. Hapo hewa inapita muda wote, kelele iko nje, na mpira wa upepo unafika matairi yote manne bila kuunga.

Kompresa niliyonayo imezibwa, maji ya kurushwa haiyaogopi. Kinachoogopa maji ni pua yake ya kuvutia hewa. Kwa hiyo filta nimeitoa pale kwenye kichwa, nikaunganisha bomba dogo mpaka juu nyuma ya taa, sehemu ambayo maji hayafiki labda gari lizame. Wenye snoko (bomba la kupandisha njia ya hewa ya injini juu) wengine wanachomekea kwenye hewa iliyokwisha kuchujwa na filta ya injini. Hiyo nayo inafanya kazi.

#11 Kamanda wa Dizeli
Nahodha, chesisi ya njia za Ziwa Natron? Mawe yale yanatoboa tangi. Utaikuta kompresa imebaki mabano tu.

#12 Nahodha wa Vumbi
Nimeweka bati la kinga la milimita 4 mkuu. Na imekaa ndani ya reli, haichungulii chini.

#13 Msafiri wa Chalbi
Salamu kutoka Isiolo. Naona watu wote wanazungumzia umeme. Sisi tunaoenda North Horr kupitia jangwa la Chalbi, na Loiyangalani, wengi wa zamani hawana imani na mota ya 12V. Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, nimefunga kompresa ya AC ya kizamani aina ya York, inazungushwa na mkanda wa injini. Hiyo inatoa upepo mwingi kiasi kwamba unaweza kutumia hata bunduki ya kufungulia nati. Hakuna kikatio cha joto, hakuna waya mnene. Klachi ya sumaku, inayoiunga kompresa na mkanda, inakula ampea chache tu.

Tairi la kwanza hadi la nne, husimami. Ukimaliza lako unamjazia na mwenzako.

#14 Dogo Gerezani
Mkuu wa Chalbi, na hii AC ya kawaida iliyoko kwenye Vigo haiwezi kugeuzwa? Magari mengi AC zimekufa, kompresa imekaa bure.

#15 Sumaku
Dogo, subiri. York inafaa kwa sababu moja: ina bakuli lake la oili chini, kama injini ndogo. Pistoni zinalainishwa na oili hiyo. Kompresa nyingi za AC za magari ya sasa hazina bakuli. Oili inasafiri pamoja na gesi, inazunguka kwenye mfumo na kurudi. Ukiondoa gesi ukaweka hewa, oili inatoka na upepo na hairudi. Kompresa inakauka na kujifunga.

Wapo wanaoziendesha hivyo kwa kuweka kidondoshea oili kwenye pua, au kwa kujaza grisi ndani. Zinadumu kiasi. Lakini upepo unaotoka una mvuke wa oili, na oili kwenye mpira wa tairi si rafiki. Hata York inahitaji kichujio cha kutenganisha oili upande wa kutokea. Halafu hiyo yenye bakuli huwezi kuilaza unavyotaka, oili itahama.

#16 Msafiri wa Chalbi
Sumaku yuko sawa, kichujio ninacho na nakimwaga mara kwa mara. Ila kwenye Vigo kazi kubwa ni mabano. Mkanda ukikaa upande hata kidogo unaliwa. Tafuta mtu wa mashine ya kukereza, usimpe mchomeleaji wa mageti.

#17 Mzee Kipande
Injini za petroli za zamani kulikuwa na kitu kizuri. Unafungua plagi moja, unafunga kipampu kwenye tundu lake, injini inazunguka kwa silinda zilizobaki na ile moja inajaza tairi. Nimekitumia kwenye Land Rover. Dizeli ndiyo haina plagi, msinisumbue kwa maswali.

#18 Dogo Gerezani
Heshima kwako mzee. Naongeza swali: kwenye alteneta za injini za dizeli za 2L na 1HZ kuna kipampu nyuma. Hakiwezi kutumika?

#19 Fundi Volti
Hicho ni cha vakyumu, kwa ajili ya busta ya breki. Kinavuta hewa kwenye busta na kuitupa pamoja na oili kwenye injini. Ukikichezea umechezea breki zako. Acha kabisa.

#20 Mpemba wa Maskati
Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Oman jambo hili ni la kila Ijumaa. Watu wanakwenda jangwa la Wahiba, na pale Bidiyah kabla ya kuingia mchangani kuna wenye maduka ya matairi wanaokupunguzia upepo, na ukitoka wanakujazia. Lakini wengi siku hizi wana kompresa zao.

Nilichokiona kwa macho yangu: wengi walioziweka chini ya boneti ya Land Cruiser na Patrol hawalalamiki, na joto la huku mnalijua. Tofauti yao na mleta uzi ni mbili. Kwanza hawasimami wakazima gari, injini inabaki inazunguka na feni inavuta. Pili wanafungua boneti wakati wa kujaza. Kwa hiyo mimi siamini kuwa boneti peke yake ndiyo mkosaji.

Wengine hawafungi kabisa. Ipo kwenye sanduku, ina waya na plagi nene ya kuchomeka mbele karibu na bampa. Akiuza gari anaondoka na kompresa yake.

#21 Kamanda wa Dizeli
Wa alaykum salaam Mpemba. Umesema wanafungua boneti. Kwa nini wanafungua kama joto si tatizo?

#22 Mpemba wa Maskati
Nimesema si peke yake, kaka. Soma taratibu.

#23 Dogo Gerezani
Swali la mtungi. Kuna jamaa anatumia bomba la plastiki la maji, lile la inchi 4, amelifunga chini ya bodi kama mtungi wa upepo. Mwingine ana mtungi wa gesi ya kupikia. Ni bei rahisi. Vipi wakuu?

#24 Dada Spana
Hapana, na naomba asiwepo wa kulifanyia utani jambo hili. Bomba la plastiki linabeba presha ya maji, na maji hayabanwi. Hewa iliyobanwa inahifadhi nguvu, bomba likipasuka vipande vinaruka kama visu. Plastiki inazeeka kwa joto na kwa jiwe moja la barabarani. Mwambie huyo jamaa autoe leo.

Mtungi wa gesi nao una mdomo mmoja tu juu, maji yanayotokana na hewa yanabaki chini na kuula kutu kutoka ndani, huoni kitu. Chukua mtungi wa breki wa lori, mdogo, uliogongwa namba ya presha yake kwenye kibati. Una tundu la kumwagia maji chini. Weka valvu ya usalama, na kila ukimaliza safari mwaga maji. Usikubali mtu auchomelee mabano moja kwa moja kwenye mwili wa mtungi, tumia mikanda ya kufunga.

#25 Mzee Kipande
Naunga mkono. Mtungi si mchezo.

Halafu mnashusha upepo kila mahali siku hizi. Mchangani sawa. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi ukilowa, hata ushuke hadi 10 tairi linajaa udongo na kuwa laini kama keki. Pale ni cheni, au usubiri jua.

#26 Msafiri wa Chalbi
Mzee, 10 psi na mzigo wa mabomba tairi litavuka rimu hata kabla ya kukwama. Lakini kwa udongo mweusi tuko pamoja.

#27 Mchimba Visima
Nimepima wakuu. Injini iko silensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), kompresa inajaza tairi la kwanza: kwenye betri 13.9, kwenye kompresa 11.7. Nikapima na upande wa hasi tu, kutoka mwili wa kompresa hadi temino ya hasi ya betri: 0.6.

#28 Fundi Volti
Volti 2.2 zimepotea njiani! Na 0.6 ni ya hasi peke yake, ile rangi niliyoisema. Bushi za mpira zilizo chini ya kompresa nazo zinaizuia isiguse bati vizuri, umeme unapita kwenye uzi wa bolti tu. Fanya hivi: rilei ya ampea 40 pembeni ya betri, fyuzi ya 40, waya wa milimita 6 za mraba chanya na hasi, zote mbili ziishie kwenye betri. Swichi ya dashibodi ibaki ya kuamsha rilei. Kesi imefungwa.

#29 Nahodha wa Vumbi
Kesi haijafungwa Volti. Hujaelezea fyuzi iliyokatika. Mimi nina maelezo mengine.

Mleta uzi, ukitoka tairi la kwanza kwenda la pili, unazima kompresa au inabaki? Kompresa hizi ndogo nyingi zinashindwa kuanza zikikuta upepo umejaa kwenye mpira. Pistoni inakutana na presha kabla haijapata mwendo, mota inakwama, ampea zinaruka, fyuzi inakwenda. Ndiyo maana nikiwa na mtungi naweka valvu ya kuzuia upepo usirudi nyuma, na mpira wa kwanza kutoka kwenye kichwa uwe ule uliosukwa kwa waya, kwa sababu upepo unatoka ukiwa wa moto kupita kiasi. Mpira wa kawaida unalainika, unavimba, halafu unapasuka kwenye kiungo.

#30 Mchimba Visima
Nazima kwa swichi ya presha, yaani nikitoa kichwa kwenye tairi mpira unajaa, inakata yenyewe. Nikichomeka tairi la pili inaanza.

#31 Nahodha wa Vumbi
Umeona! Inakata ikiwa imejaa 150 na inaanza na mabaki. Kuna swichi za presha zenye kitundu kinachopumua zikikata, sikiliza kama yako inatoa "psss". Kama haitoi, kila kuanza ni mateso.

#32 Sumaku
Ila Nahodha, ukichomeka kichwa kwenye tairi lenye 18 psi, mpira mzima unamwagikia humo papo hapo. Swichi ya presha inaruhusu kuanza baada ya presha kushuka, tuseme hadi 135, na ikishaanza kushuka haikomei hapo, inaendelea mpaka ilingane na tairi. Mabaki yanakuwa madogo. Labda kichwa chake kina valvu inayofunguka polepole.

#33 Mchimba Visima
Taarifa. Rilei nimeweka, waya wa 6 mpaka kwenye betri pande zote mbili. Sasa volti inayopotea ni 0.3. Tofauti naisikia kwa masikio, mlio umekuwa mkali na mwepesi. Nimejaza la kwanza, la pili na la tatu bila shida. La nne ikazima katikati. Boneti ilikuwa imefungwa, nilikuwa nimetoka Engaresero moja kwa moja.

#34 Kamanda wa Dizeli
Ndiyo nilichosema tangu #3. Waya umetengenezwa, bado inazima. Kilichobaki ni joto.

#35 Fundi Volti
Kamanda, kabla ya waya ilizima la pili, sasa la nne. Nani kafanya kazi kubwa hapo?

Piga hesabu ya upepo vilevile. Tairi lake tuchukue lita 60. Kutoka 18 hadi 36 psi ni kama bar 1.24, kwa hiyo anahitaji lita 74 za hewa ya kawaida kwa tairi moja, takriban 300 kwa yote manne. Kompresa ikitoa lita 40 kwa dakika ni dakika saba na nusu. Karatasi yake inaruhusu muda gani wa kazi mfululizo?

#36 Mchimba Visima
Imeandikwa asilimia 33 kwa 100 psi. Lakini mimi sifiki 100.

#37 Dada Spana
Asilimia 33 maana yake ukiifanyisha kazi dakika 10 unaipumzisha 20. Kwa 36 psi inaweza kwenda zaidi ya hapo, lakini hawakuandika ni kiasi gani, na hawakuandika wakiwa na boneti ya Vigo kichwani. Wewe umechukua muda gani mpaka la tatu?

#38 Mchimba Visima
Sikushika saa dada, ila ni zaidi ya dakika saba za Volti. Karibu mara mbili yake.

#39 Sumaku
Basi haitoi lita 40. Na hapa wote mmeisahau filta. Vumbi la Natron ni majivu laini ajabu, kile kisponji cha kwenye pua kinaziba bila kuonekana. Kompresa isiyopata hewa inazunguka bure na kupata moto. Fungua filta, ipige kwenye kiganja chako uone.

#40 Mchimba Visima
Nimefungua. Kisponji kimekuwa cha rangi ya simenti, nikakiminya kikatoa unga mweupe mkononi na kilikuwa kigumu upande mmoja kama kimelowa kikakauka. Nimekiosha kwa sabuni.

#41 Kamanda wa Dizeli
Kimekuwa kigumu kwa joto.

#42 Sumaku
Kimekuwa kigumu kwa majivu yaliyolowa, Kamanda. Yale majivu yakipata unyevu yanaganda. Waulize watu wa Engaresero.

#43 Msafiri wa Chalbi
Huku kwetu Chalbi vumbi ni la chumvi na linafanya hivyohivyo. Ninaweka filta ndogo ya pikipiki badala ya kisponji, ile ya karatasi. Inavuta vizuri.

#44 Nahodha wa Vumbi
Na pistoni ikishakula majivu, ringi inaisha. Mleta uzi, hata ukiosha sponji, inawezekana kompresa yenyewe imeshachoka. Ijaribu ukiwa nyumbani asubuhi, injini ya baridi, boneti wazi, ushike saa. Ikichukua muda uleule, basi si joto la boneti tena.

#45 Mchimba Visima
Nitafanya hivyo. Wakati huohuo nimeanza kupima nyuma ya siti kama ya Dada Spana. Nafasi ipo. Dada, waya wako unene gani, na umeifunga kwenye nini?

#46 Dada Spana
Kutoka betri hadi kwangu ni kama mita 4, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 8. Nimetumia milimita 16 za mraba. Kwa ampea 30 inapoteza robo volti tu. Hasi nimeirudisha mpaka betri, sikuamini chesisi.

Nimeifunga kwenye ukuta wa nyuma kwa bati la milimita 4, bolti nne za M8, bushi za mpira, nati za kujikaza. Usiifunge kwa bolti mbili, barabara ya vijituta mfululizo inaikata shingo ya bati. Acha nafasi ya vidole vinne pande zote ili hewa izunguke, na usirundike makoti juu yake.

#47 Mpemba wa Maskati
Mimi bado nasema plagi ya mbele na sanduku. Anabeba mabomba, siti za nyuma atazihitaji.

#48 Kijana wa Kigoma
Samahani wakuu naingilia, nimesoma uzi wote. Mimi nina Land Cruiser ya zamani ya 24V, betri mbili. Fundi anataka kuchukua 12V kutoka betri moja aendeshe kompresa kama hizi. Kuna shida?

#49 Fundi Volti
Ipo kubwa. Betri zimeungwa mfululizo, alteneta inazichaji kama kitu kimoja. Ukila kwenye moja tu, hiyo inabaki nusu na nyingine inachajiwa kupita kiasi. Zote mbili zitakufa mapema. Nunua kompresa ya 24V, zipo, na ampea zinakuwa nusu, hata waya unapata nafuu.

#50 Msafiri wa Chalbi
Au York, Kijana. Klachi yake badilisha koili iwe ya 24V.

#51 Kamanda wa Dizeli
Nawe utakuja kuuliza mabano yanatengenezwa wapi Kigoma.

#52 Kijana wa Kigoma
Asanteni sana. Fundi wa mashine ya kukereza yupo huku, wa karakana za meli. Msafiri, vipimo vya mabano ya 1HZ unavyo?

#53 Msafiri wa Chalbi
Ninavyo kwenye karatasi. Kesho nikiamka naipiga picha nakuwekea hapa, pamoja na umbali kutoka puli ya kwanza.